Katesh baada ya matope: nyumba zimejengwa, riziki je?



Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mji mdogo wa Katesh nchini Tanzania ulifunikwa na matope. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Watu wengi walikuwa bado wamelala, wengine wanajitayarisha kwenda kanisani, wengine wamekwisha kuwasha moto wa chai. Likaja tope zito kutoka Mlima Hanang, limebeba mawe makubwa na miti mizima iliyong'olewa na mizizi yake. Lilibomoa nyumba, likajaza maduka, likafukia magari, likaifunga barabara kuu inayotoka Babati kwenda Singida. Vijiji vya chini ya mlima, kama Gendabi na Jorodom, navyo vilipigwa.

Siku ile ya kwanza hesabu ya waliokufa ilikuwa makumi machache. Kila siku waokoaji walipochimba, hesabu ilipanda, hata ikafika watu 89. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya mia. Serikali, katika hesabu yake ya mwanzo, ilisema kaya 1,150 zimeathirika, zenye watu wapatao 5,600, na mashamba ya ekari 750 yameharibiwa.

Habari hizi nyote mlizisikia redioni wakati ule. Kwa nini basi tunazirudia katika ukurasa huu wa nchi jirani? Tunazirudia kwa sababu maafa yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile ya wiki mbili tatu, ambayo magazeti huiandika na wakubwa huitembelea. Sehemu ya pili ni ya miaka, na hiyo haiandikwi sana. Katika sehemu hiyo ya pili ndipo mfanyakazi hujua kama ameinuliwa tena au ameachwa pale alipoangukia. Sisi tunaofanya kazi viwandani na mashambani tuna la kujifunza Katesh, kwani wengi wetu tunalala katika miji na kambi za namna ileile.

MJI WA WATU KAMA SISI

Katesh ni makao makuu ya wilaya ya Hanang, katika mkoa wa Manyara. Mji umekaa chini kabisa ya mlima, upande wa kusini. Mlima Hanang ni volkano ya zamani iliyotulia, yenye urefu wa mita zaidi ya 3,400, nao umesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Mvua inyeshayo mlimani huteremka kwa makorongo mpaka chini, na hayo maji ndiyo yaliyowavuta watu kujenga pale. Udongo wa volkano una rutuba. Mahindi, maharagwe na ngano hustawi, na malisho ya ng'ombe yapo. Wenyeji ni Wabarabaig na Wairaki, pamoja na watu wa makabila mengi waliofuata biashara, mnada wa mifugo na kazi.

Yaani ni mji kama miji yetu ya sokoni. Kuna mwenye duka na kijana anayemuuzia, fundi cherehani barazani, mama anayepika chai na maandazi, mwenye mashine ya kusaga, vijana wa pikipiki, walimu, karani wa wilaya, kibarua wa shambani. Wengi wanapanga chumba kimoja. Mji wa namna hii hauna kiwanda kikubwa ambacho mwenyewe ataandikiwa hundi na kampuni ya bima. Mali ya mji ni vitu vidogo vidogo katika mikono ya watu wengi, na tope likipita, vitu hivyo huondoka vyote kwa saa moja.

Wafanyakazi wa mashambani wana sababu nyingine ya kuijua Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ililima huko mashamba makubwa ya ngano kwa matrekta na mashine za kuvunia. Mashamba yalikuwa saba, chini ya shirika la umma la NAFCO: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Tuyashike majina mawili ya mwisho, kwani tutayakuta tena mbele.

NI NINI KILITEREMKA?

Siku ile uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Mtu aliyesikia mngurumo na kuona mlima umechanika hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo. Wataalamu wa miamba walipelekwa, wakachunguza, na Serikali ikatangaza kwamba hapakuwa na volkano wala tetemeko la ardhi. Sehemu ya mlima yenye mwamba uliooza na kulegea ilinyonya maji mengi ya mvua, ikawa nzito, ikakatika.

Jambo hili tulieleze polepole, maana linahusu kila mlima na kila mteremko. Mwamba wa volkano ukikaa miaka mingi katika jua na mvua hulainika na kuwa kama udongo. Udongo mkavu hujishika wenyewe. Udongo uliolowa kiasi hujishika pia. Lakini ukishiba maji hata matundu yote yakajaa, maji husukuma punje za udongo zisishikane, na uzito wote huanza kuvuta kuelekea chini. Likikatika pande moja, huingia katika korongo, na humo hukutana na maji, mawe na miti. Si maji tena wala si udongo. Ni uji mzito unaokimbia, wenye nguvu ya kusukuma jiwe kubwa kama gari. Ufikapo mahali tambarare chini ya mlima, korongo huisha, uji husambaa. Na mahali hapo tambarare ndipo watu tunapopenda kujenga, kwa sababu ni rahisi kujenga.

Je, watu hawakuonywa? Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za vuli za mwaka 2023 zitazidi kiwango cha kawaida kwa ajili ya El Niño. Tangazo hilo lilikuwa la kweli. Lakini tangazo la msimu linasema mvua itakuwa nyingi katika mikoa fulani kwa miezi mitatu. Halisemi kwamba mlima fulani utakatika usiku fulani juu ya mtaa fulani. Kati ya tangazo la redio na kitanda cha mtu aliyelala panatakiwa mtu wa tatu: mtu anayelijua korongo, anayelitazama wakati wa mvua, na aliyepewa ruhusa ya kupiga kengele bila kuogopa kuchekwa asubuhi ikiwa hakuna kilichotokea.

Dalili zinajulikana katika nchi nyingi zenye milima. Maji ya kijito yakigeuka ghafla kuwa tope, au yakipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, huenda korongo limeziba juu. Miti au nguzo zikianza kuinama, ufa ukitokea ardhini, milango ya nyumba ikianza kukwama, ardhi inatembea. Ukisikia mngurumo unaozidi kukua, usikae kutafuta viatu. Kimbia kuelekea mahali pa juu kando ya korongo. Usikimbie kufuata korongo kuteremka, kwa kuwa tope hukimbia kuliko wewe.

MSAADA ULIOFIKA

Tuwe wa haki. Katika siku zile za kwanza wananchi wa Tanzania na Serikali yao hawakukaa kitako. Askari waliletwa kuchimba na kufungua barabara. Waziri Mkuu alifika kesho yake na kuongoza kuwaaga marehemu. Rais, ambaye alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia wa hali ya hewa, alirudi mapema akafika Katesh tarehe 7 Desemba. Serikali ilibeba gharama za mazishi na matibabu. Waliokosa makao walipokewa katika shule. Chama cha Msalaba Mwekundu kilikuwapo. Kutoka mikoa mingine vilikuja vyakula, mablanketi, magodoro, nguo, saruji na mabati, vingine vikitoka kwa makampuni, vingine kwa watu wa kawaida ambao nao hawana kingi.

Baadaye ulifuata mpango wa nyumba. Familia zilizopoteza makao zilijengewa nyumba mpya zaidi ya mia moja mahali paitwapo Waret, katika kijiji cha Gidagamowd, mbali na njia ya tope. Zilijengwa na Serikali pamoja na Msalaba Mwekundu, na mwaka 2024 zilikuwa tayari. Msomaji amekwisha kuyatambua majina hayo. Ni yaleyale ya mashamba ya ngano. Jina ambalo zamani mfanyakazi wa trekta alilisoma kwenye kadi yake ya kazi, leo ni anwani ya mtu aliyeokoka matope.

Kujenga nyumba zaidi ya mia na kuzikabidhi kwa muda wa mwaka mmoja hivi si jambo dogo. Tunazijua nchi ambako watu wa maafa hukaa katika mahema mpaka hema linaoza. Na kumhamisha mtu kutoka katika njia ya tope ni msaada mkubwa kuliko kumpa mabati ya kujengea palepale, angoje mvua nyingine.

AMBACHO LORI HALIBEBI

Lakini nyumba ni kwa kulala. Asubuhi mtu huamka na kuuliza: leo nitakwenda wapi kutafuta chakula?

Tuchukue mfano wa fundi cherehani. Tope limechukua chumba chake, cherehani, vitambaa vya wateja na daftari la madeni. Akipewa unga, blanketi na hata nyumba, bado hana cherehani, na anadaiwa vitambaa. Tuchukue mfano wa kijana wa duka. Mwenye duka amepoteza bidhaa zote, na nyingi alizichukua kwa mkopo. Yeye atahesabiwa kwamba amepata hasara, na ni kweli. Kijana wake je? Hakupoteza bidhaa hata moja. Alichopoteza ni mshahara wa kila mwezi, na mshahara haupigwi picha. Kibarua wa shamba lililofunikwa na mawe hana hata duka la kuonyesha. Shamba ni la mwingine. Yeye alikuwa na jembe na ahadi ya palizi.

Hapo ndipo linapokuja suala la orodha. Popote duniani msaada hufuata orodha. Anayeandikwa hupata, asiyeandikwa hangojewi. Na orodha huandikwa haraka, mara nyingi kwa kuhesabu nyumba zilizoanguka na wenye nyumba hizo. Mpangaji anayelala chumba cha nyuma, msichana wa kazi za nyumbani, kibarua aliyekuja kwa msimu na kwao ni mkoa mwingine, hao huponyoka kirahisi katikati ya vidole vya mwandishi.

Sisi hatusemi hayo kwa kusimuliwa. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tuliwahi kuchuma chai katika shamba moja ambalo hatutalitaja. Usiku mmoja wa masika mto ulipanda ukaingia katika layini ya chini. Hakufa mtu, tunashukuru. Lakini vyumba vilijaa maji mpaka kiunoni, na vitu vyote viliharibika. Siku ya pili yakaletwa mablanketi, sufuria na unga. Karani akafika na kitabu cha nyumba. Aliita majina ya walioandikwa kupewa vyumba, jina moja kwa chumba kimoja. Katika vyumba hivyo walilala watu watatu, wengine wanne, wachumaji wa msimu ambao majina yao hayakuwa katika kitabu cha nyumba. Tulipomuuliza, akajibu bila ubaya wowote, "Mimi naandika kilichomo kitabuni."

Kamati yetu ikazunguka mlango kwa mlango kuandika orodha nyingine. Kazi hiyo ilituchukua siku sita, kwa sababu hatukuwa tumejiandaa. Hatukuwa hata na daftari. Tulipoipeleka, mablanketi yalikuwa yamekwisha. Akina mama wawili wa msimu walirudi kwao na nguo walizovaa. Ujira wao wa wiki mbili ulikuwa na ubishi, kwani kadi zao za uzani zilikuwa zimeyeyuka majini, na hakuna aliyekuwa na nakala. Hakuna aliyewaibia. Walipotea katika karatasi. Mpaka leo tunaona aibu, maana walikuwa wachumaji wenzetu, na kazi ya kuwaandika ilikuwa yetu kabla ya mto kupanda.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022. Sheria hiyo inaunda kamati za maafa kutoka ngazi ya taifa, mkoa na wilaya mpaka kata na kijiji, pamoja na mfuko wa maafa. Maana yake ni kwamba hata kijiji kilicho chini ya mlima kinatakiwa kuwa na kamati yake ya kutazama hatari, na kwamba kamati haifai kuzaliwa siku ya msiba. Kwa mfanyakazi wa Tanzania, swali la kuuliza katika mkutano wa kijiji au mtaa ni rahisi: kamati yetu ni akina nani, walikutana lini, na korongo letu wamelipitia?

Katika ngazi ya dunia, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 2017 Pendekezo Namba 205, linalohusu kazi wakati wa vita na maafa. Linachukua nafasi ya Pendekezo la mwaka 1944, lililotungwa vita vikuu vikielekea mwisho. Pendekezo halina nguvu kama mkataba, lakini linasema wazi mambo mawili yanayotufaa: kwamba kazi na kipato ni sehemu ya kuinua watu baada ya maafa, na kwamba vyama vya wafanyakazi na vya waajiri vishirikishwe katika mipango hiyo. Kwa lugha yetu: barabara ikifukuliwa, mitaro ikichimbwa, nyumba zikijengwa, kazi hiyo wapewe kwanza watu wa mji ulioumia, kwa ujira unaostahili, wala wasikae kando wakitazama makandarasi wa mbali wakila riziki iliyoletwa na msiba wao.

TUSIJIDANGANYE KWAMBA NI YA JIRANI TU

Msomaji wa Kenya asiseme, "Pole yao Watanzania," akafunga ukurasa. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lililokuwa katika shamba la watu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku, na zaidi ya watu arobaini wakafa. Maji hayo yalihifadhiwa kwa ajili ya kilimo, na waliokuwa chini yake walikuwa watu wa kazi na jamaa zao. Novemba 2019 milima ya Pokot Magharibi ilikatika kwa mvua, ikafukia vijiji. Tarehe 29 Aprili 2024, miezi mitano tu baada ya Katesh, maji na matope yaliyozuiliwa nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasua njia alfajiri yakawakuta watu wamelala; makumi walikufa.

Angalia saa: Solai ni usiku, Katesh ni alfajiri, Mai Mahiu ni alfajiri. Mtu hufa akiwa kitandani, kwa hiyo swali la kwanza ni kitanda kimewekwa wapi. Na kwa wafanyakazi wa mashambani, mara nyingi si wao waliochagua mahali pa kitanda. Layini ilijengwa na mwajiri, pengine zamani sana, katika kipande ambacho hakikufaa kupandwa chai, kahawa au mkonge: bondeni, ukingoni mwa mto, chini ya bwawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au pesa za kutosha kupanga nyumba. Sisi tunauliza: nyumba iliyo katika njia ya maji inafaa vipi?

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi. Inampa mfanyakazi wajibu wa kutoa taarifa anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na inakataza kumfukuza au kumwadhibu mfanyakazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo ni ya mashine zisizofunikwa na dawa za kunyunyizia tu. Ukuta wa bwawa unaovuja na ghala lililo chini ya mteremko uliopasuka ni hatari vilevile, na vinapaswa kuandikwa katika kitabu cha kamati.

KAZI YA TAWI

Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi wala kungoja barua kutoka makao makuu. Kila tawi linaweza kuyaanza mwezi huu.

1. Tembeeni mahali mnapoishi na mnapofanyia kazi kabla ya mvua, pamoja na wazee wa mahali hapo. Wazee hujua maji yalipita wapi zamani. Wekeni alama kwenye makorongo, mabwawa, makalvati yaliyoziba na vyumba vilivyo katika njia ya maji. Mwandikieni mwajiri na chifu au mwenyekiti wa kijiji, mkatunze nakala yenye tarehe.

2. Andikeni orodha yenu ya watu wote wanaolala katika kila chumba: wa kudumu, wa msimu, wapangaji, watoto, wazee na wagonjwa. Irekebisheni kila mwanzo wa msimu. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kwa katibu, nyingine mbali na kambi, mahali pasipofikiwa na maji.

3. Kila mwanachama aweke nakala ya kadi ya kazi, kitambulisho na karatasi za akiba ya uzeeni katika mfuko wa nailoni uliofungwa. Wenye simu wapige picha karatasi hizo na kumpelekea ndugu aliye mji mwingine.

4. Chagueni watazamaji wa usiku wakati wa mvua kubwa, kwa zamu, na kubalianeni ishara moja: kengele, filimbi au kipande cha reli. Fanyeni jaribio mchana mara moja, hata watoto wajue wakimbilie wapi. Mtazamaji akipiga kengele na tope lisije, asilaumiwe.

5. Maafa yakitokea, watu wawili wa tawi wakae na waandishi wa msaada tangu siku ya kwanza, wakiwa na orodha ile. Wadai ionyeshe pia waliopoteza kazi na vyombo vya kazi, mbali na waliopoteza nyumba.

6. Baada ya mwezi mmoja, msivunje kamati. Ulizeni juu ya kazi za kujenga upya, juu ya ujira uliobaki, juu ya cherehani, baiskeli na jembe. Chombo kimoja cha kazi humrudishia mtu heshima kuliko magunia kumi ya nguo kuukuu.

7. Wanaohamishwa wasihamishwe kama mizigo. Kabla ya kukubali mahali papya, tawi liulize: maji yako wapi, shule iko wapi, na nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani kwa mwezi? Nyumba nzuri iliyo mbali na kazi huweza kumlazimisha mtu arudi kinyemela katika njia ileile ya tope, kwa sababu pale ndipo penye soko.

Wafanyakazi wenzetu, waliokufa Katesh hawakufa kwa uzembe wao. Walilala majumbani mwao baada ya wiki ya kazi, kama tunavyolala sisi. Mlima Hanang bado upo, na mvua za vuli hurudi kila mwaka. Wenzetu wa Katesh wamezika, wamejenga, na wanaendelea kutafuta riziki. Heshima tunayoweza kuwapa kutoka huku ni kuhakikisha kwamba siku mto au mlima wetu utakapogeuka, hakuna jina la mfanyakazi litakalokosekana katika orodha, awe wa kudumu, awe wa msimu, awe mpangaji wa chumba cha nyuma.

Katika mkutano wenu ujao wa tawi, kabla ya mengineyo, fungueni daftari na kuanza na chumba cha kwanza.